Majibu ya damu yapitie njia ipi?

Wengi wenu mnaotibiwa katika kliniki za Kibokoni, Ndia Kuu na Makadara mmeona mambo yalivyobadilika. Mgonjwa hutolewa damu katika maabara ya mtaa wa pili, na majibu huja yenyewe kwenye kompyuta ya daktari, bila tarishi. Hilo ni jambo jema. Lakini mwenye kliniki anapouziwa mtambo huo huulizwa swali ambalo wengi hulijibu bila kufikiri: data ipite njia gani?

Njia ziko tatu hivi. Ya kwanza ni faili: maabara hukusanya majibu ya siku nzima na kuyatuma kwa mkupuo usiku. Ya pili, programu mbili huzungumza zenyewe kila jibu linapotoka, na yako hurudisha neno kwamba imepokea. Ya tatu ni kuifungulia maabara hifadhidata yako iingie na kuandika yenyewe. Hii mimi siipendi hata kidogo. Ni sawa na kumkabidhi muuza maji ufunguo wa nyumba kwa kuwa huja kila asubuhi.

Kwa ripoti za mwezi, faili yatosha. Hesabu za malaria na kuhara zinazoingia katika mfumo wa Wizara ya Afya, uliojengwa juu ya DHIS2 na kuenea nchi nzima mwaka 2011, hazidhuriki zikilala usiku mmoja. Potasiamu ni jambo jingine. Mzee wa figo ambaye potasiamu yake imefika 6.8 aweza kusimama moyo kabla faili ya usiku haijaondoka. Jibu kama hilo lataka njia ya pili, na hata hapo maabara ipige simu.

Kisha kuna laini. Nyaya za Seacom na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, tulidhani taabu imekwisha. Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ikazorota kote Afrika Mashariki. Basi muulize muuzaji: laini ikikatika katikati, jibu hungoja foleni likatumwa tena, au hupotea kimya? Likitumwa mara mbili, mgonjwa ataonekana amepimwa mara mbili? Akikwambia intaneti yake haikatiki, mwage kwa heri.

Wako pia wanaobeba majina na majibu ya ukimwi katika flashi, mfukoni, ndani ya tuktuk. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huyahesabu maelezo ya afya kuwa data nyeti. Flashi ikidondoka Marikiti na kuokotwa, mwenye kliniki ana saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data, na kazi ngumu zaidi ya kumwambia mgonjwa.

Nawe unayetolewa damu, uliza majibu yatafika saa ngapi na yatasomwa na nani. Muda huo ukipita bila neno, rudi kliniki siku hiyo hiyo.