AFYA YA NYUMBANI: Choa na Mwanamke Mwenye Mimba



Mvua zinaponyesha huku kwetu Nambilanje, joto na jasho huleta choa majumbani. Mtoto hupata mapunye kichwani. Kisha mama yake, naye ni mja mzito, huona pete yenye kuwasha tumboni au kinenani. Yote mawili ni kuvu, lakini dawa zao si moja. Hapo ndipo penye hatari.

Choa chenyewe hakimdhuru mtoto aliye tumboni, maana hukaa katika ngozi tu. Iwezayo kumdhuru ni dawa. Mapunye hayaponi kwa kupaka peke yake. Kwa hiyo mganga humpa mtoto vidonge, mara nyingi griseofulvini. Vikibaki, mama asivimeze kamwe, kwa kuwa vyaweza kuharibu mimba. Tena mwanamke avimezaye asishike mimba mpaka upite mwezi mmoja tangu kuvimaliza. Na wewe, baba wa nyumba, ukivimeza, ngoja miezi sita kabla ya kutafuta mtoto.

Basi mama afanyeje? Aende kliniki ya wajawazito, aonyeshe ngozi yake wala asione haya. Dawa ya kupaka ya klotrimazoli yamfaa mwenye mimba. Aoshe mahali pale, apakaushe sana, apake kidogo mara mbili kila siku, kupita ukingo wa pete kwa upana wa kidole. Asiache mwasho unapokoma, bali aendelee kama alivyoagizwa, kwa kawaida majuma mawili hata manne.

Asipake mafuta ya taa wala maji ya betri, huunguza. Ajihadhari pia na dawa za dukani zilizochanganywa na betamethasoni au klobetasoli. Hutuliza mwasho upesi, lakini kuvu huzidi kuenea chini yake. Na zile kali, zikipakwa kwa wingi siku nyingi, zaweza kumfanya mtoto azaliwe mdogo.

Kila mtu awe na kanga yake na taulo yake. Nguo zifuliwe, zianikwe juani hata zikauke kabisa. Watoto wenye mapunye watibiwe wakati ule ule, ama sivyo choa kitarudi.

Tena, si kila baka ni choa. Choa huwasha, na ukingo wake umeinuka, una magamba. Baka lililopauka, lisilowasha, wala halisikii liguswapo kwa pamba, laweza kuwa ukoma, maradhi ambayo mkoa wa Lindi wayajua tangu zamani. Mama asingoje mpaka ajifungue. Dawa za ukoma hutolewa bure, na wenye mimba nao hupewa.

Enyi waalimu, mkimwona mtoto ana mapunye, msimfukuze shuleni kwa aibu. Mwiteni mzazi wake, mkamwambie neno hili moja: vidonge vya mtoto si vya mama.

Kwaherini hata mwezi ujao.