KONA YA WALIMU: Sungusungu na majeruhi wao

Mwezi huu tunaongea juu ya sungusungu. Hapa kambini ukitaja jina hilo watu wanafikiria walinzi wetu wa usiku. Ni jina lililotumiwa na vikundi vya ulinzi vya Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipochoka na wezi wa ng'ombe. Lakini wenye jina hasa ni wale wadudu weusi wanaopita njiani kwa mstari, ukiwachokoza wanauma kwelikweli na harufu yao unaijua.

Sungusungu chakula chao ni mchwa. Mpelelezi mmoja anatangulia. Akiona mahali mchwa wanapokula, anarudi nyumbani kuita wenzake, nao wanatoka 200 hadi 600 kwa mara moja. Wakubwa wanabomoa udongo ambao mchwa wamejifunika, wadogo wanaingia kuua, halafu wakubwa wanabeba.

Shida ni kwamba mchwa nao wana askari wenye meno makali, wanakata miguu ya watu hawa. Mtaalamu wa Ujerumani, Erik Frank, aliwachunguza kule Comoé, Ivory Coast, na mwaka 2017 yeye na wenzake wakaeleza walichokiona. Aliyeumia anatoa harufu ya kuita msaada. Wenzake wanakuja, naye anajikunja ili abebeke vizuri, wanampeleka nyumbani. Huko wanamlamba kidonda. Mwaka 2018 walieleza kwamba majeruhi wasiolambwa walikufa 80 katika 100 ndani ya siku moja, waliolambwa ni 10 tu. Na wengi wanarudi vitani hata kama wamebaki na miguu minne. (Eti majeruhi akiona wenzake wako karibu, anachechemea zaidi. Hiyo hata darasani kwetu tunaijua!)

Ila aliyekatwa miguu mitano anaachwa palepale. Hapo sisi hatuwafuati. Mdudu ni mdudu, sisi tuna watoto.

Tumeleta habari hii kwa sababu ya vikundi vya masomo. Wanafunzi ni wengi kuliko madawati, kwa hiyo tumewapanga wanane wanane, wanaojua pamoja na wanaochelewa. Wazazi kadhaa wamekuja kulalamika kwamba mtoto wao mwenye akili anarudishwa nyuma. Tunawaelewa, mtihani uko karibu na kila mtu anataka wake apite. Lakini tumeona mtoto anayemweleza mwenzake sehemu na desimali mara tatu, yeye mwenyewe hazisahau tena. Na yule aliyekosa shule wiki nyingi kwa malaria hana mwingine wa kumbeba. Mwalimu mmoja hawezi kuwafikia wote, huo ndo ukweli.

Vikundi vinaanza saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu mpaka Alhamisi, chini ya miti nyuma ya darasa. Kila mtoto aje na kipande cha mkeka. Jambo moja tunawaomba sana akina mama na akina baba: saa hiyo ndiyo ya foleni ya maji, na wasichana ndio wanaokosekana kwenye vikundi. Tafadhali ndoo ibebwe na mwingine kwa hiyo saa moja, hata kaka zao wana mikono.