Mwacheni Mtoto Abebe Sahani



Ukurasa huu nimezoea kuuandikia habari za nasaba, picha za mababu na nyumba zetu za Unguja. Leo naomba radhi. Nitaandika juu ya wanaotufuata, na huenda baadhi yenu mkakunja nyuso kabla ya kufika mwisho. Nivumilieni.

Usiku mmoja wa Ramadhani iliyopita tulifuturu kwa jamaa yetu hapa Maskati, watu thelathini na zaidi. Futari ilipokwisha, mtoto wa miezi ishirini hivi, ambaye hata kusema hajaweza sawasawa, aliona kijiko kimeanguka kando ya busati. Akakiokota, akampelekea bibi yake. Kisha akashika sahani kwa mikono miwili, akaanza safari ya kwenda jikoni. Hakuna aliyemtuma. Mlangoni hakufika. Mama yake alimpokonya sahani, akamwita msichana wa kazi, na mtoto akapewa simu atazame katuni. Mzee mmoja akasema, “Mwacheni akae, huyu si mtumishi.” Watu wakacheka. Mimi sikuweza kucheka, na neno lile limenikaa kifuani hadi leo.

Maana jamaa hawa hawa, kila tukikutana, hulalamika kwamba watoto wetu hawana msaada. Mgeni huingia wasinyanyuke. Bibi hubeba mzigo nao wamelala juu ya kochi. Lawama hupewa simu, skuli za Kiingereza, na nchi tulizohamia. Mimi nasema lawama ni yetu. Mtoto huja duniani na hamu ya kusaidia, nasi twaiua kwa mikono yetu kabla hajatimiza miaka minne. Akifika kumi na minne twamwuliza imekwenda wapi.

Wala sisemi hivi kwa mapenzi ya bibi kwa wajukuu wake. Mwaka 2006 watafiti wawili waliokuwa Leipzig, Ujerumani, Felix Warneken na Michael Tomasello, walichapisha matokeo ya majaribio yao kwa watoto 24 wa miezi 18. Mtu mzima asiyekuwa jamaa yao alikuwa akianika nguo. Kibanio kikamponyoka na kuanguka asipoweza kukifikia. Au alikwenda kabatini na rundo la majarida mikononi, akashindwa kufungua mlango. Watoto 22 kati ya hao 24 walimsaidia angalau mara moja, wengi wao papo hapo, bila kuahidiwa chochote. Na mtu yule alipokitupa kibanio kwa makusudi, mara chache tu walikiokota. Hii ina maana kwamba walikuwa wakitambua nani ana haja na nani hana.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2008, watafiti hao hao walionyesha jambo la pili, nalo lawahusu wale wanaowalipa watoto baisa 100 kwa kutandika kitanda. Watoto wa miezi 20 waliopewa zawadi kila waliposaidia, baadaye zawadi ilipoondolewa walisaidia kidogo kuliko wenzao ambao hawakupewa kitu. Malipo yalipunguza ile hamu waliyokuja nayo.

Wazee wetu husema udongo uwahi ungali maji. Ni kweli kwa mengi, lakini hapa methali yaweza kutupotosha tukadhani mtoto ni udongo mtupu unaongoja mfinyanzi. Mtoto yule mwenye sahani hakufundishwa na mtu. Alichofundishwa usiku ule ni kuacha.

Nilizaliwa mtaa wa Malindi, Unguja, nikaja Maskati katika miaka ya sabini, baada ya mlango wa kurejea kufunguliwa mwaka 1970. Utotoni mwangu mtoto alikuwa ni wa kutumwa. “Nenda kwa Bibi fulani, mwambie mama anakusalimu, anaomba chumvi.” Ukiitwa waitika “Labeka,” na ndugu yako wa kiume aitika “Naam,” kisha miguu yaondoka kabla ya maneno kwisha. Ramadhani nilikuwa nikipita mitaani na sahani iliyofunikwa kawa, ndani yake kaimati au tambi, na ilikuwa aibu sahani ya jirani kurudi tupu. Tazameni yaliyokuwemo ndani ya safari ile moja: kubisha hodi na kungoja, kuamkia, kukumbuka ujumbe na kuufikisha kama ulivyo, kujua nani mgonjwa na nani kafiwa, na kunyamaza juu ya ulichokiona ndani ya nyumba ya watu. Hakuna aliyeyaita masomo, wala hakuna aliyetukalisha kitako kutusomesha. Tuliyapata kwa sababu tulikuwa na kazi ya kweli ambayo mtu mzima alikuwa akiingojea.

Bara ya Kenya wataalamu walishuhudia jambo lililo karibu na hili. Katika miaka ya hamsini, katika utafiti ulioongozwa na John na Beatrice Whiting, watoto wa jamii sita za nchi mbalimbali walitazamwa katika maisha yao ya kila siku, na kitabu cha matokeo kikatoka mwaka 1975. Mojawapo ya jamii hizo ilikuwa Nyansongo, katika nchi ya Wakisii. Watoto wa huko walichota maji, walitafuta kuni na kulea wadogo zao, na walikuwa miongoni mwa waliojali na kusaidia wengine zaidi. Watoto wa mji mdogo wa Marekani, ambao kazi zao nyumbani zilikuwa chache, walielekea zaidi kutaka wasaidiwe na watazamwe.

Sasa nirudi kwenye neno la yule mzee, maana ndani yake mna habari yetu ambayo kurasa za nasaba huipita kimya kimya. Katika Kiswahili chetu, *mtume* na *mtumwa* wametoka katika kitenzi kimoja: kutuma. Ukoo wetu, tuseme kweli, ulikuwa na mashamba ya karafuu, na karafuu zile hazikuchumwa na mababu zetu. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na hapa Oman mwaka 1970, lakini ile dharau ya kazi ya mikono tumeirithi pamoja na masanduku ya Kizanzibari na marashi. Tunaposema “huyu si mtumishi” juu ya mtoto wa miezi ishirini, tunampa somo zito kuliko tunavyodhani: kwamba watu ni wa namna mbili, wa kutuma na wa kutumwa, naye ni wa kwanza. Mtoto anayemwona dada wa kazi akiamshwa usiku wa manane kuleta glasi ya maji iliyo hatua tano kutoka kitandani hawezi baadaye kuhubiriwa huruma akaielewa. Nasi ndio tunaosoma kwamba Bibi Aisha alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake.

Najua yatakayosemwa. Wengine watasema utoto ni wa kucheza. Nakubali, na mtoto wa miaka miwili hatofautishi mchezo na kuchambua mchele kwenye ungo kando ya mama yake. Sisi ndio tunaotofautisha. Simtetei anayemtoa mtoto skuli ili afanye kazi, wala sizitetei zile nyumba zetu za zamani ambazo msichana alikuna nazi mpaka vidole vikachubuka, naye kaka yake akangoja kuandaliwa. Dhulma ile ilituzalia wanaume wasiojua kikombe chao kinaoshwa wapi.

Wengine watasema tatizo ni kwamba bakora imetoweka. Sikubali. Watoto wale wa Leipzig hawakupigwa na mtu. Na Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume miaka kumi tangu alipokuwa kijana mdogo, amesimulia kwamba hakukemewa kwa alilolifanya wala kwa aliloliacha. Bakora humfanya mtoto atii ukiwepo. Haimpi jicho la kuona haja ya mwenziwe wewe ukiwa haupo.

Na wengine, hawa ndio wakweli zaidi, watasema mtoto anachelewesha kazi. Ni kweli. Anamwaga, anavunja, kazi ya dakika tano yawa ya ishirini. Hiyo ndiyo gharama, wala hainunuliki kwa bei rahisi baadaye. Nami naijua bei yake. Mwanangu wa kwanza nilimlea katika miaka niliyokuwa nikienda kazini na nyumba ikiendeshwa na yaya. Kila aliponifuata jikoni nilimwambia, “Toka mwanangu, utaungua.” Leo ana miaka arubaini na ziada, ni mtu wa sala na heshima, ananipenda, nami sina shaka na hilo. Mwaka juzi niliumwa mgongo nikawa siwezi kuinama. Aliketi nami saa mbili nzima, akanisomea dua, na mbele yetu mlikuwa na vyombo vya chakula cha mchana vimekauka. Ilikuwa siku ya mapumziko ya yule dada wa kazi. Aliondoka akavipita. Hakuvidharau, hakuviona. Mimi ndiye niliyeyafunga macho yale, yeye akiwa na miaka miwili.

Basi jamaa zangu, ombi langu ni dogo. Mtoto akija kusaidia, mpeni cha kufanya kilicho cha kweli, wa kike na wa kiume sawa. Msimlipe, wala msimpigie makofi kama aliyefanya muujiza. Mwambieni ahsante kama mnavyomwambia mtu mzima, kazi iendelee. Mpelekeni kwa jirani na sahani mkononi, hata kama jirani yenyewe ni fleti ya upande wa pili wa lifti huko London. Na dada wa kazi asiitwe kuokota kilichoangushwa na mtoto mwenye mikono.

Idi ijayo, inshallah, tutakutana nyumbani kwangu. Sahani nimekwisha kuzihamisha kutoka kabati la juu, nimezipanga chini kabisa, mahali pa kufikiwa na mtoto wa miaka miwili. Zitakazovunjika nitazihesabu mwenyewe.