Boga Siku 13, Mtoto Siku 14

Katika Stardew Valley, gemu ya shamba iliyotoka mwaka 2016 na kupata wachezaji dunia nzima, boga huchukua siku 13 kukomaa, na kila siku lazima limwagiliwe. Likikosa maji, linachelewa. Mtoto huchukua siku 14. Swali linaulizwa usiku kabla ya kulala, wanandoa wanakubaliana, na wiki mbili baadaye mtoto yuko kitandani. Tumbo halikuonekana, hakuna aliyetapika wala aliyekwenda kliniki. Boga limetunzwa kuliko mimba. Gemu nyingine si bora sana. The Sims 2 ya mwaka 2004 ilionyesha tumbo likikua, lakini mimba yenyewe ni ya siku tatu. Na The Sims 4 ilipotoka mwaka 2014, kichanga hakikuweza kutolewa kitandani kwake na kupelekwa chumba kingine hadi marekebisho ya mwaka 2023. Kwenye gemu za mapambano, mama mara nyingi ana kazi moja tu, kufa, ili baba na mtoto wapate sababu ya safari. Fallout 3 inaanza kwa uzazi unaomuua mama; God of War ya 2018 inaanza baba na mwanawe wakiuchoma mwili wa mama.

Watetezi husema watu hucheza ili wapumzike, na hakuna anayetaka kungoja miezi tisa. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama wachezaji haohao wasingekuwa wanamwagilia maboga kwa hiari yao. Gemu ndiyo sanaa inayojua kuufanya ungojaji uwe mtamu: kuhesabu siku, kupanga kidogo kilichopo, kuamua jambo lipi litangulie. Hayo ndiyo maisha ya mjamzito. Wala sidai damu na vilio. Katika The Last of Us Part II, mhusika Mel anakwea na kuruka akiwa na mimba kubwa, na wapo waliosema haiwezekani. Anayewaona wanawake wakilima kwenye miteremko ya Rwanda hadi miezi ya mwisho hatashangaa kwamba mjamzito anafanya kazi. Ninachokikosa ni wale watu wanaomzunguka.

Hapa kwetu Rwanda kila kijiji kina wahudumu wa afya ya jamii, na sehemu ya kazi yao ni akina mama na watoto wachanga. Wanaijua mimba mapema, wanakumbusha kliniki, wanaulizia kadi ya mituweli, yaani bima ya afya ya jamii, na kupitia mfumo wa RapidSMS ulioanzia Musanze mwaka 2009, dalili ya hatari ilitumwa kwa ujumbe wa simu ili gari la wagonjwa liitwe. Mwaka 2000, kwa kila vizazi hai 100,000, walikufa akina mama 1,071. Utafiti wa kitaifa wa 2019–20 ulikuta 203. Sababu ni nyingi, lakini ujasiri wa mama mmoja mmoja haungetosha kuishusha idadi hiyo. Gemu inayomwonyesha mama akijifungua peke yake na kusimama kesho yake inawafundisha vijana wa Nyamirambo na Remera jijini Kigali, wengi wao wakiwa baba wa kesho, kwamba jambo hili haliwahusu.

Wengine wataona kifo cha mama anayejifungua ni kizito mno kwa mchezo. Lual Mayen, aliyezaliwa njiani wazazi wake wakivikimbia vita katika eneo ambalo sasa ni Sudan Kusini na kukulia kambini Uganda, alitengeneza Salaam, gemu ya mkimbizi anayehitaji maji na chakula ili aishi. Kompyuta yake ya kwanza mama yake aliidundulizia miaka mitatu. Kama ukimbizi unachezeka kwa heshima, uzazi nao unawezekana. Watengenezaji wa gemu wa Kigali wampe mchezaji kazi ya mhudumu wa kijiji: wajawazito kadhaa, simu yenye chaji kidogo, mvua ya Aprili, njia ya kilimani inayoteleza, na mmoja anayeumwa sana kichwa tangu asubuhi. Aamue aanzie nyumba ipi.