Aliyepanda Jabal Akhdar Hakukata Jamaa

Kila Idi hukumu ile ile hutolewa katika nyumba za Waswahili wa Muscat. Mtu kasali Idi, kawabusu wazee mikono, kala nao halua na kunywa kahawa, kisha adhuhuri kapakia mablanketi, mke na watoto, kashika njia ya Nizwa ili akalale mlimani Jabal Akhdar siku mbili. Kabla ya magharibi jina lake limeshazunguka kutoka Al Khuwair hadi Al Hail na Al Khoud: huyo kakata jamaa. Ami anasema, shangazi anaitikia, na binamu ambaye hajampigia mtu huyo simu tangu Idi ya mwaka jana anatikisa kichwa kwa masikitiko. Naipinga hukumu hiyo kwa nguvu zangu zote. Inaisingizia dini jambo isilolisema, na inawachosha wanawake wetu ili wanaume waonekane wameungana.

Nianze na dini, kwa kuwa huko ndiko fimbo inakochukuliwa. Kuunga jamaa ni wajibu, na Muislamu hana la kujadili hapo. Lakini Mtume, rehema na amani zimfikie, aliufundisha wajibu huo kwa namna inayowagusa zaidi wale wanaohukumu: muungaji wa kweli ni anayemwendea ndugu aliyemkata, wala si yule anayelipa ziara kwa ziara. Wanavyuoni wakaeleza kuwa jamaa huungwa kwa kuzuru, kwa salamu, kwa mali ukiwa nayo, kwa kumshika mkono aliyekwama, kwa kumwombea. Idi nayo ina mambo yake yanayojulikana: zaka ya fitri itoke kabla ya sala, takbira, sala yenyewe, kuchinja kwa mwenye uwezo, na kufunga siku hiyo ni haramu. Tafuta utakavyo, hutakuta sharti kwamba watu sitini wakae nyumba moja saa saba mchana ya siku ya kwanza, na asiyekuwepo ajadiliwe. Hiyo ni mila. Naipenda, na nina sababu ya kuiheshimu, lakini mila haiwi faradhi kwa kuwa ami kakasirika.

Sababu ya kuiheshimu ni kwamba mkusanyiko wetu una historia ya kidonda. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, koo zilizokuwa zikikaa mtaa mmoja Mji Mkongwe, au shamba moja kule Pemba, zilitawanyika: huyu Mombasa, yule Dar es Salaam, wengine Cairo, Dubai, Kuwait, Uingereza. Sultan Qaboos aliposhika nchi tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warudi, watu walikuja kwa mafungu, mwaka baada ya mwaka. Walikuwamo waliotoka Burundi, Rwanda na Kongo ya mashariki wakiwa na Kiswahili na Kifaransa, na wengi Kiarabu chao kilikuwa cha msikitini tu. Walifika katika nchi ya babu zao bila ya kumjua jirani. Kwa watu hao, Idi ya nyumba moja ndiyo iliyokuwa sensa: nani kafika, nani kafa asizikwe na nduguze, huyu mtoto wa nani, yule kaoa wapi. Bibi wa miaka themanini na ushei, akikaa leo kitini na kuhesabu vichwa, anahesabu kwa hofu ambayo sisi tuliozaliwa baadaye hatukuipitia. Simshambulii bibi huyo. Kama angekuwa yeye peke yake ndiye anayeuliza "fulani yuko wapi", ningegeuza gari nikarudi.

Ila siye yeye anayeuliza kwa ukali. Wakali ni watu wa umri wa kati, wenye kazi zao na nyumba zao na madereva wao, ambao hofu ya bibi wameirithi bila ya huruma yake. Yeye alitaka kuwaona watu wake. Wao wanataka waonekane kuwa wamekuwapo, na kwamba wengine hawakuwapo.

Na tuseme wazi nani anayeulipia mkusanyiko huo. Idi ya mfunguo tatu hapa Oman ina mpangilio wake unaopendeza: katika nyumba nyingi siku moja ni ya arsia (wali uliopondwa na nyama), siku nyingine ya mishkaki, na shuwa huteremshwa shimoni na kufukuliwa baada ya siku moja au mbili, nyama imelegea na viungo vimezama mpaka mfupani. Kuteremsha shuwa ni furaha ya wanaume na watoto, kuna moto, kuna kelele, na mtaa mzima huweza kutumia shimo moja. Lakini hayo ni ya uani. Jikoni kuna pilau ya watu sitini, kuna sambusa za kukunjwa tangu usiku wa kuamkia Idi, kuna sahani zinazooshwa kwa wageni wa alasiri wakati wale wa mchana hawajaondoka. Huko yuko mke wa mtoto, aliyeolewa mwaka huu, ambaye hawezi kukaa chini mbele ya mama mkwe. Yuko wifi mwenye kazi ya hospitali au skuli, ambaye serikali imempa siku chache za mapumziko na jamaa wamezichukua zote. Na yuko dada wa kazi, ambaye aghalabu ni mtu wa kwetu kabisa, katoka Tanga au Mombasa au Kampala, Muislamu mwenye Idi yake, na siku hiyo ndiyo siku anayofanya kazi kuliko siku zote za mwaka. Jamaa gani hii tunayoiunga kwa kumnyima binti wa watu nusu saa ya kuwapigia mama na ndugu zake simu siku ya sikukuu?

Mke anapomwambia mumewe, mwaka huu twende mlimani, watu husema kamteka mwanamume. Mwanamke huyo hajakimbia jamaa ya mtu. Ameomba kukaa kitako.

Halafu itazameni nyumba yenyewe ya Idi. Baba yuko majlisi na wanaume. Mama yuko jikoni, au upande wa wanawake akipanga vikombe. Watoto wamekusanya mkono wa Idi, sasa wamelala kifudifudi katika ujia, kila mmoja na simu yake. Usiku wanarudi nyumbani, wote wamechoka, na katika siku nzima mke, mume na watoto wao hawakukaa pamoja hata robo saa. Hawa nao ni jamaa. Mtoto ana haki ya kumpata baba yake siku ya Idi.

Mlimani watampata. Unafika Birkat al-Mauz, pale penye falaji (mfereji wa maji) ya Al-Khatmein, moja kati ya falaji tano za Oman zilizoingizwa mwaka 2006 katika urithi wa dunia wa UNESCO. Mbele kidogo kuna kituo cha polisi, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne linarudishwa hapo hapo. Kutoka hapo barabara inapanda mpaka uwanda wa Saiq, kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari. Ukiiacha Muscat inachemka kwa nyuzi arobaini na zaidi, huku juu joto limepungua kwa zaidi ya nyuzi kumi, na katika majira ya baridi usiku wa Saiq unashuka mpaka sifuri na chini yake. Watoto waliolelewa na viyoyozi wanaona kwa mara ya kwanza mvuke ukiwatoka mdomoni. Wanavaa sweta juu ya kanzu. Wanauota moto. Kwenye korongo, vijiji vya Al-Aqr, Al-Ayn na Shuraija vimening'inia na vijishamba vyao vya ngazi, komamanga na mawaridi. Mawaridi hayo huchumwa msimu wa Aprili, na maji yake, yanayotoneshwa kwa moto wa tanuri za udongo, ndiyo haya tunayoyanyunyiza kwa mrashi harusini na maulidini. Mtoto wa Kiswahili aliyezaliwa Muscat anastahili kujua yanatoka wapi. Na jioni, kwa kuwa baridi inawafukuza wote kwenye blanketi moja na hakuna mgeni wa kuandaliwa, baba anaulizwa maswali ambayo hajawahi kuulizwa, naye hana pa kwenda.

(Moto uotwe nje. Jiko la mkaa ndani ya hema au chumba kilichofungwa huua watu usingizini, na msimu wa baridi hapa haupiti bila ya maonyo ya jambo hilo. Asiyelijua aambiwe leo.)

Nitaambiwa kuwa hiyo ni anasa ya wenye pesa. Kweli, hoteli za Alila, iliyofunguliwa 2014, na Anantara, iliyofunguliwa 2016, pale ukingoni mwa korongo, hazifai kila mfuko. Lakini zipo nyumba za wageni za vijijini, na kwenye mlima wa Jabal Shams watu hulala kwenye mahema yao wenyewe. Kwa upande wa pili, mwulizeni yule ami ambaye zamu ya kuwakaribisha imemwangukia mwaka huu, ambaye lazima anunue mbuzi, mchele na viti vya kukodi, na aibu haimruhusu kusema kuwa amekopa.

Nitaambiwa pia kuwa kuhama mji siku za sikukuu ni uigaji wa Wazungu. Hapa nashangaa jinsi tunavyosahau haraka. Watu wa Muscat na Mutrah, kabla ya umeme, walikuwa wakihama joto la kiangazi wakienda kwenye mashamba ya mitende ya Nakhal, Rustaq na Samail mpaka tende zimalizike kuvunwa. Zanzibar, msimu wa karafuu ulikuwa ukiwatoa watu mjini kwenda mashamba. Na watazameni Wachaga wa Dar es Salaam: kila Desemba huuacha mji na joto lake wakapanda Kilimanjaro, Rombo, Marangu, Machame, wakachinja na kukaa kwenye baridi ya kwao, na huko baridi na jamaa hazijawahi kugombana. Familia ya Muscat inayotaka kukutana mlimani, bibi akiwa na nguo nzito na gari zuri, ina mfano wa kufuata. Kama magoti ya bibi hayaiwezi baridi, basi asipandishwe, na hilo nitalifikia mbele.

Jambo hili halitatulia lenyewe, kwa sababu kalenda inalisukuma. Mwaka wa Kiislamu unarudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa jua. Idi ya mfunguo mosi, iliyoangukia Machi mwaka 2026, inakwenda kwenye baridi: mwaka 2030 tunaitarajia mwanzoni mwa Februari, na Ramadhani itaingia mara mbili katika mwaka huo mmoja, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Idi ya mfunguo mosi inayofuata itakuwa mwishoni mwa Januari 2031, baridi ya Saiq ikiwa kileleni. Vijana watapanda kwa wingi, hilo halina shaka. Jamaa zitakazokuwa zimezoea kuwaita wakata jamaa zitakuta kuwa kijana aliyetukanwa mara tatu haji tena hata siku ya kawaida. Hapo ndipo jamaa hukatika hasa, na Jabal Akhdar haitakuwa na lawama.

Pingamizi lenye uzito ni moja tu, na sitalikwepa: wazee wanakufa. Leo umepanda mlima, kesho unaitwa mazikoni, na Idi ile uliyoikosa hairudi. Ninalijua hilo, na linaniuma. Lakini lipimeni vizuri. Katika nyumba ya watu sitini, bibi anapata nini kwa kila mjukuu? Mkono unabusiwa, dua fupi, "umekuwa mkubwa", na anayefuata anasogea. Mwenyewe, masikio yakiwa mazito, katika kelele hizo hasikii nusu ya anayoambiwa. Mjukuu anayekwenda kwake Jumanne ya kawaida, akakaa naye peke yake saa mbili, akamuuliza habari za Ng'ambo ya zamani kule Zanzibar na za meli iliyomleta, huyo atakuwa na cha kukumbuka siku ya mazishi. Muulizeni bibi achague. Muulizeni faraghani, wanawe wakiwa hawapo, maana mbele yao atasema lile wanalotaka kulisikia.

Kwa hiyo nadai mambo kwa pande zote mbili. Wanaobaki wagawane kazi, na wanaume waingie jikoni kuosha sahani, mapishi yapunguzwe, dada wa kazi apewe siku yake na mkono wake wa Idi, anayetaka kusafiri aombewe njia ya salama bila ya jina lake kupitishwa kila majlisi. Anayepanda, naye, asali Idi na wazee kwanza. Aage kwa mdomo, uso kwa uso. Asiwaache wajue kwa picha za kwenye kundi la WhatsApp. Asiende na familia yake peke yake kila Idi, bali azipange na nduguze, huyu mfunguo mosi, yule mfunguo tatu, ili wazee wasibaki na nyumba tupu hata sikukuu moja. Na baada ya siku za Idi kwisha, watakapokuwa wote wamerudi makazini, ipangwe zamu ya kumpeleka bibi hospitali: nani Jumapili, nani Jumatano, nani atakayekaa naye akisubiri dawa. Zamu hiyo iandikwe kwa majina, na waliokuwa Jabal Akhdar wawe wa kwanza kuandikwa.