Foku ya kuchomelea si nafuu kwa mchuuzi

Mchuuzi anayepakia matenga mawili ya nyanya kwenye keria hukagua tairi na spoki za nyuma, kwa kuwa uzito uko huko. Lakini kinachomtupa barabarani ni foku ya mbele, hasa bomba lake linalopanda ndani ya shingo ya fremu hadi kwenye usukani. Anaposhika breki mteremkoni, uzito huhamia mbele na kukandamiza pale bomba linapoungana na miguu ya foku. Ufa huanzia hapo, mwembamba kama unywele, chini ya gololi, mahali ambapo jicho halifiki.

Bomba likikatika, mafundi wengi hupenyeza kipande cha bomba ndani na kuchomelea. Kazi huonekana imara. Hata hivyo, moto huharibu uimara wa chuma kandokando ya kiungo, na ufa mwingine huja pembeni mwa ule wa kwanza. Si haki kumlaumu fundi peke yake: hulipwa kwa kuunganisha, halipwi kwa kukataa, na mteja aliyeacha mzigo juani hataki kusikia habari ya foku mpya.

Hapo ndipo hesabu inapokosewa. Gharama ya kuchomelea hulinganishwa na bei ya foku, wakati ilipaswa kulinganishwa na nyanya zilizomwagika, siku za kulala hospitali, na mkopo wa kikundi usiojua kama mdaiwa amevunjika taya.

Si kila marekebisho ni ya hatari. Nondo mbili nyembamba zinazotoka ekseli ya mbele hadi kwenye usukani, zikifungwa kwa bolti bila kuchomelewa, hupunguza kupinda kwa miguu ya foku, ingawa haziponyi bomba lenye ufa. Bomba la chuma lililo refu mno hukatwa, mradi zibaki nyuzi za kutosha kushika nati yote. Usukani huinuliwa, lakini usipite alama iliyochorwa kwenye shina lake. Foku ya alumini iliyopinda hainyooshwi, hutupwa.

Vikundi vinavyonunua mbolea kwa pamoja vinaweza kuweka foku tatu au nne stoo, mwanachama akazilipia kidogo kidogo kila siku ya gulio. Na fundi alipwe ujira wake wa kufungua shingo, kufuta grisi na kutazama, kabla mavuno hayajaanza kubebwa.