Vyumba vya Kupangisha Katika Suneka

Mtu apitaye njia kuu itokayo Kisii kwenda Migori, afikapo Suneka, huona safu za vyumba vya matofali vilivyoezekwa mabati. Vingine vina wapangaji, na vingine kuta zimesimama bila paa huku nyasi zikiota ndani. Waalimu, makarani na wakulima ndio hujenga vyumba vya namna hii, kwa fedha za akiba au kwa mkopo wa chama cha ushirika. Sababu yao ni njema. Mji wa Kisii u karibu, na mtu asiyeweza kodi ya mjini hukubali kupanda gari asubuhi na kurudi jioni. Lakini anayetaka kujifunza kazi hii na azitazame zaidi zile kuta zisizo na paa.

Jambo la kwanza ni ardhi, nalo limewaponza wengi. Nchi hii ya Abanchari, kama Gusii yote, ina watu wengi na mashamba madogo, na mara nyingi cheti cha shamba bado kina jina la babu aliyekwisha kufariki. Mjukuu humwuzia mtu kipande cha kando ya barabara, wazee hutia dole gumba katika karatasi, soda hunywewa, na mnunuzi huanza kuchimba msingi. Karatasi ile haina nguvu. Ardhi ya marehemu haiuzwi mpaka mahakama iwe imemthibitisha msimamizi na kuwatambua warithi. Tena shamba la kilimo, hata likiwa limepakana na lami, haliuzwi wala haligawanywi pasipo idhini ya Bodi ya Ardhi, kwa sheria ya mwaka 1967, na maombi sharti yapelekwe kabla ya miezi 6 kupita tangu siku ya mapatano. Idhini isipopatikana, mauzo ni batili. Mnunuzi aweza kudai fedha zake kama deni, lakini nyumba yake imesimama katika ardhi ya mwingine. Basi kabla ya kutoa hata shilingi moja, na aende ofisi ya ardhi kuuliza ni jina la nani lililoandikwa. Na kama mwenye jina ana mke, mke naye akubali kwa maandishi.

Ajengaye katika shamba la baba yake hudhani ya kuwa mambo haya hayamhusu. Yanamhusu sana, maana ndugu walionyamaza wakati wa kujenga huanza kusema siku ya kupokea kodi.

Jambo la pili ni hesabu. Ichukuliwe mfano wa vyumba 10, kila kimoja shilingi 3,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba huzidisha upesi, akapata shilingi 360,000 kwa mwaka, na ikiwa ujenzi umemgharimu shilingi 2,000,000 hujiambia kwamba fedha zake zitarudi kwa miaka mitano na nusu au zaidi kidogo. Hesabu hiyo ni ya vyumba visivyokaa wazi hata siku moja. Wapangaji huhama, na wengine huhama usiku. Kila chumba kikikaa wazi miezi miwili katika mwaka, mapato ni shilingi 300,000. Hapo serikali ina sehemu yake, nayo katika habari hii na iitwe ushuru, kwa kuwa Kiswahili hutumia neno kodi kwa yote mawili na watu huchanganyikiwa. Tangu Januari 2024 ushuru wa nyumba za kukaa ni asilimia 7.5 kwa mapato yanayozidi shilingi 288,000 kwa mwaka na yasiyopita milioni 15, tena hukatwa katika mapato yote kabla ya kutoa gharama, na hulipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Katika mfano huu ni shilingi 22,500. Zikitengwa shilingi 30,000 za rangi, makomeo, taa na kuzibua choo, zinabaki 247,500. Miaka mitano na nusu imekuwa minane. Mwenye kujenga kwa mkopo aweke na riba yake, ndipo aamue kama ajenge vyumba kumi mara moja au vinne kwanza. Vinne vyenye paa vyapita kumi visivyo nalo.

Wapangaji nao wachanganywe. Mwezi wa Machi 2020, shule na vyuo vyote vya Kenya vilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, mwenye nyumba aliyewategemea wanafunzi peke yao alibaki na funguo mkononi. Aliyekuwa na mwalimu, dereva, muuguzi na mwuza nguo hakupoteza wote kwa siku moja.

Maji humzuia mpangaji kuliko rangi ya ukuta. Kisii hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na kila milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba hupokea basi lita 150,000, nazo karibu zote hupotea mtaroni kwa kukosa mifereji ya bati na tangi. Choo cha shimo kiwe upande wa chini wa mteremko, mita 30 au zaidi kutoka kisima au chemchemi, hata kama chemchemi hiyo ni ya jirani.

Mapatano yaandikwe, stakabadhi itolewe kila mwezi, na amana ya mpangaji isitumike kununua saruji, maana ni fedha yake. Asiyelipa asing'olewe mlango wala mabati. Nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi zina sheria na baraza lake la kuamua mashauri, na mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji wake pasipo amri ya baraza hilo.

Miezi ya Januari na Februari ndiyo yenye ukavu wa kufaa msingi na kuta. Kuta ziezekwe kabla ya mvua kubwa za Machi.